Kamati Isiyo na Maiti

Siku niliyoambiwa kwamba nimewekwa kwenye kamati ya serikali, nilishusha kikombe cha uji nikauliza, "En ng'a motho?" Nani amekufa?

Tarishi aliyeniletea barua alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. "Hakuna aliyekufa, Mama Uji. Ni kamati ya ushauri. Itashauri ofisi jinsi ya kuboresha taratibu zake."

"Na mazishi ni lini?"

"Si nimekuambia hakuna mazishi?"

"Sasa kamati bila maiti itafanya nini?"

Aliomba uji wa bure, nikampa nusu kikombe, akaenda zake.

Msinicheke. Kwetu Seme, upande wa Kombewa, kamati tunayoijua ni ile ya mazishi. Nilikaa kwenye ya kwanza nikiwa na miaka kumi na minne, baba alipofariki, na ya pili mwaka uliofuata, ya mama. Sikuwa mjumbe hasa. Nilikuwa mkubwa wa boma, basi nikawekwa kwenye kiti karibu na mwenyekiti ili watu wajue wanamtaja nani wanaposema "watoto". Nilisikiliza kila neno. Naweza kusema hilo ndilo darasa langu la mwisho, kwa maana baada ya hapo niliacha shule katika kidato cha pili nikalea wadogo zangu watatu.

Kamati ya mazishi hukutana saa kumi alasiri, nje, kwenye viti vya plastiki. Katibu ana daftari. Kabla ya maombi ya kufunga, mwenyekiti huuliza, "Nani anaenda kesho?" Mmoja anasema ataenda kwa chifu. Mwingine, hospitalini. Mwingine, kwa wenye hema. Majina yanaandikwa. Kesho yake saa kumi kila mtu anasimama na kueleza alikokwenda na alichopata, na aliyerudi mikono mitupu anaaibika mbele ya shemeji zake. Hivyo ndivyo mtu anavyofia Nairobi leo, na wiki haijaisha amelala ardhini kwao, na kila karatasi ya serikali iko mfukoni mwa binamu fulani, imegongwa muhuri. Nimeliona hilo mara nyingi. Karatasi za wafu hutembea. Za walio hai ndizo zinazokaa.

Na mimi nilikuwa na ya aliye hai. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa gredi ya tisa na hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa nyumbani, mama akafariki kabla hajakishughulikia, na miaka ikapita. Gredi ya sita alivuka kwa sababu mwalimu mkuu alinionea huruma nikamwahidi kukileta. Safari hii mwalimu alikuwa mwingine na huruma ilikuwa imekwisha: cheti kije kabla ya usajili wa mtihani kufungwa mwisho wa mwezi, au mtoto asubiri mwaka mwingine.

Mara nne nilikuwa nimekwenda kwenye dirisha la tatu la ofisi ile ya vyeti mjini Kisumu. Sitaji jina lake, kwa sababu bado nauza uji langoni mwake. Mara nne karani aliniambia maneno yaleyale bila kuinua kichwa: "Mlete mzazi."

"Wazazi walifariki. Vyeti vya vifo ndivyo hivyo umevishika."

"Nimeviona. Lakini fomu inataka mzazi."

Mara ya nne nilimwambia nitamleta, ila ofisi itoe gari na majembe. Hakucheka. Alisema, "Njoo kesho."

Kwa hiyo sikuikubali barua ile kwa kuipenda nchi. Niliikubali ili niione ofisi kutoka upande wa pili wa kioo. Wao walinichagua kwa sababu kila aliyesimama kwenye laini hununua uji wangu na kuniambia shida zake. Kwenye barua waliniita "mwakilishi wa watumiaji wa huduma". Mdogo wangu aliisoma kwa sauti, akaniuliza, "Hujawahi kupewa huduma hata moja. Unawakilishaje?"

Kikao cha kwanza kilikuwa kwenye chumba cha mikutano cha ofisi hiyo. Tulikuwa tisa, lakini wanne tu ndio walioongea. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kwetu. Kulikuwa na mtaalamu kutoka Nairobi, kijana wa suti ya kijivu, aliyekuja na kompyuta. Kulikuwa na mkuu wa ofisi mwenyewe, mama wa sauti ya chini. Na kulikuwa na mzee mmoja wa mtaa wa Kaloleni, hapo hapo Kisumu, mwenye duka la vitambaa, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Kiswahili chake kilitufanya sote tuketi wima.

Asubuhi nzima tulitafuta dira. Mtaalamu alisema kamati isiyo na dira ni kama mtumbwi usio na kasia. Mzee wa Kaloleni akasema mtumbwi wenye kasia tisa na abiria hakuna nao hauendi popote. Ikaja chai na sambusa, dira ikasahaulika.

Kisha mtaalamu akatuonyesha ukutani picha ya masanduku yaliyounganishwa kwa mishale ya rangi. Mshale mmoja mwekundu ulitoka kwenye sanduku, ukazunguka picha nzima, ukarudi kwenye sanduku lilelile. Nikamnong'oneza Mzee wa Kaloleni, "Huyo ni mimi. Hapo ni dirisha la tatu."

"Basi mwanangu, umevaa rangi nzuri."

Ilipokaribia saa saba mwenyekiti alisema kikao kimekuwa cha mafanikio makubwa na tutakutana tena baada ya miezi mitatu. Wakaanza kukusanya mafaili. Mimi nilibaki nimekaa nikimtazama.

"Kuna jambo, Mama Uji?"

"Nangoja uulize, Mwenyekiti."

"Niulize nini?"

"Nani anaenda kesho?"

Mtaalamu akauliza, "Kwenda wapi?" Lakini mwenyekiti alikuwa ameelewa. Nilimwona uso ukijikunja, kwanza kwa kicheko, kisha kwa kitu kingine. Mtu wa umri wake ameongoza kamati nyingi za mazishi kuliko alizoongoza za walimu.

"Yawa!" alisema. "Kweli. Tungekuwa na maiti, tungeondoka hivi?"

"Maiti angekuwa ameharibika," nikasema.

"Miezi mitatu!" Mzee wa Kaloleni akapiga paja. "Sisi mtu akifa alfajiri, adhuhuri yumo kaburini. Nyinyi mwakaa wiki na ng'ombe mwala, halafu mwaita hiyo haraka."

"Mzee, ng'ombe ni heshima."

"Heshima ya nani? Marehemu hali nyama."

Hapo ndipo kamati ilipopata uhai. Kila mtu alikuwa na mazishi yake ya kusimulia, nani alipata kibali kwa siku moja, nani alitoa mwili hospitalini mchana akiwa na karatasi zote. Mkuu wa ofisi aliyesema machache tangu asubuhi alieleza jinsi alivyomzika mama mkwe wake kwa siku nne. Mtaalamu aliandika upesi upesi, jasho likimtoka.

Mwisho mwenyekiti akasema, "Haya. Tuchague karatasi moja, tuishughulikie kama maiti. Kila mmoja ana dirisha lake. Kesho saa kumi tunaripoti. Karatasi ya nani?"

Faili langu lilikuwa mezani kabla hajamaliza kuuliza. Nilikuwa nimelikalia tangu asubuhi.

"Mama Uji," mwenyekiti akasema polepole, "hili si jambo lako binafsi?"

"Mwenyekiti, maiti huwa wa mtu fulani. Umewahi kuzika maiti wa jumla?"

Mzee wa Kaloleni alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Tukagawana kazi.

Kesho yake niliuza uji wangu kama kawaida na kuwatazama. Sikuficha furaha yangu. Mtaalamu alisimama kwenye dirisha la kwanza na suti yake tangu saa mbili. Alipofika mbele alitumwa avuke barabara atoe fotokopi ya fomu. Aliporudi akaambiwa hiyo ni fomu ya zamani, ya sasa inafanana nayo lakini ni ya bluu. Mara ya tatu alipopita langoni aliniomba uji, akaunywa akiwa amesimama, akasema, "Dada, hawa watu wanavumiliaje?"

"Kwa uji," nikamwambia.

Mwenyekiti alikwenda kwa chifu na kurudi na barua. Mzee wa Kaloleni akaipeleka dirisha la pili igongwe muhuri, akaambiwa muhuri umefungiwa kwenye droo ya dirisha la tatu. Mkuu wa ofisi, aliyekuwa amejipa dirisha la tatu, akaenda huko na kukuta koti limetundikwa kwenye kiti. Kila mtu kwenye laini alilijua koti lile la kahawia. Maana yake ni kwamba karani yupo, ametoka kidogo tu.

"Ametoka tangu lini?" mkuu aliwauliza waliokuwa kwenye laini.

"Tangu juzi, Madam."

Aliliangalia koti kwa muda mrefu. "Kila nikipita naliona," alisema, "nasema moyoni, huyu kijana ana bidii."

Saa kumi ikafika. Ufunguo wa chumba cha mikutano nao tarishi alikuwa ameurudisha jana kupitia ufa wa droo ileile, kwa hiyo tukabeba viti tukakaa nje uwanjani. Viti vya plastiki havikutosha. Mtu mmoja akakileta hata kile cha dirisha la tatu, pamoja na koti lake, akakiweka mbele kando ya mwenyekiti. Hakuna aliyetaka kukikalia. Mwenyekiti alivua kofia kwa sababu ya joto. Mtaalamu, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nikawagawia uji uliobaki, na katibu wetu, mmoja wa wale wasioongea, akafungua daftari.

Sasa tazama picha hiyo kama mtu anayepita barabarani. Saa kumi alasiri. Viti uwanjani, daftari, uji, nyuso zilizochoka. Na mbele kabisa, kiti kitupu chenye koti la mtu ambaye hajaonekana kwa siku tatu.

Wa kwanza kuja alikuwa mama aliyesimama kwenye laini tangu asubuhi. Alifunga leso kiunoni, akaja akiwa ameinamisha kichwa, akakiangalia kiti, akashika mdomo. "Mayoo," alisema. "Na alikuwa bado kijana." Wengine wakamfuata. Muuza njugu wa kona aliacha beseni lake. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na waliokuwa barabarani wakaingia kuupokea.

Nilielewa mara moja kilichotokea. Ningeweza kuwaambia. Sikuwaambia. Mzee wa Kaloleni naye alielewa, maana aliniegemea akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu wamemzika na hajafa?"

"Subiri kidogo, Mzee. Tusikie watasema nini."

Mwenyekiti alikuwa bado anashangaa baraka hii ya umati, akidhani wananchi wamekuja kutoa maoni. Akawakaribisha waseme. Mzee mmoja mvuvi aliyetoka Usenge, aliyekuwa akifuatilia kitambulisho kilichopotea, akasimama na bakora yake.

"Mimi nimekuja hapa mara sita," alisema. "Kila mara huyu kijana aliniambia nije kesho. Lakini sitamsema vibaya. Kila mara aliniuliza habari ya ziwa. Alikuwa mpole. Alikuwa tu na kesho nyingi sana."

Watu wakaitikia kwa sauti ya huzuni. Mama wa leso naye akasimama. "Hizo mafaili zetu sasa nani atajua ziko wapi? Ni yeye tu alijua. Ameenda nazo."

"Ameenda nazo!" umati ukaitikia.

"Mimi alinitafutia ya mtoto wangu, ilikuwa chini kabisa, akapiga magoti akaitoa," mwingine akasema, akaanza kulia kwelikweli. "Alikuwa anaweza! Akitaka alikuwa anaweza!"

Mtaalamu aliandika bila kuinua kalamu. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kupata maoni safi namna ile, na kwamba kwenye dodoso watu hudanganya.

Mkuu wa ofisi alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuelewa, naye ameinuka aseme jambo, pikipiki ikaingia langoni. Abiria alishuka, suruali imejaa majivu meusi ya mashamba ya miwa, akavua helmeti. Aliona umati. Aliona leso viunoni. Akaja mbio.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Mama mmoja alipiga yowe akamkimbilia muuza njugu. Hatimaye mvuvi wa Usenge, ambaye nadhani uzee umemwondolea woga, akamnyoshea bakora.

"Wewe," alisema.

Ilichukua muda kueleza, pamoja na kumsimulia yote yaliyosemwa juu yake. Karani alikuwa Muhoroni, kwenye kamati ya mazishi ya shemeji yake, ambako alikuwa katibu. Alikuwa ameacha koti ili asionekane hayupo. Mkuu wa ofisi alimtazama kwa namna ambayo nilimwonea huruma, na mimi si mtu wa kumwonea huruma dirisha la tatu. Waliokuwa wakilia walikasirika kwamba machozi yao yametumika bure. Mmoja alisema angalau sasa anajua tunavyomfikiria, jambo ambalo wafu wengi hawalijui.

Yeye mwenyewe alisimama pale akilishika koti lake. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ni nani alisema nilikuwa naweza?"

Yule mama akainua mkono.

Macho ya kijana yakaanguka kwenye daftari letu, na hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kupitia kioo. Alikunja uso kama fundi anayeona kazi mbovu ya mwenzake. "Hii ndiyo kumbukumbu ya kamati?" alimwuliza katibu wetu. "Mbona hujaandika nani alienda wapi na alipata nini? Lete." Akaketi kwenye kiti chake, pale uwanjani, akachora mistari kwa ukingo wa bahasha.

"Haya. Shida ni ya nani?"

"Ya mdogo wangu," nikasema.

Akaniangalia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliuona uso wangu wote. Sikumwona tena karani; nilimwona katibu wa Muhoroni, na katibu wa mazishi hamwulizi yatima aliko mzazi wake.

"Mkubwa wa boma ni nani?"

"Ni mimi."

"Mtoto alizaliwa wapi?"

"Nyumbani."

"Siku hiyo nani alikuwepo?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Mara nne nilisimama kwenye dirisha lile nikiulizwa watu wasiokuwepo duniani.

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilitumwa kumwita mkunga nikarudi naye. Nikashika beseni."

"Mkunga yuko hai?"

"Yuko. Ni mzee, lakini anasema sana."

"Basi kuna mashahidi wawili wa kuzaliwa na barua ya chifu," alisema akiandika. Akamgeukia mkuu wa ofisi. "Madam, sheria inataka mtu anayejua kuzaliwa kwake. Fomu yetu ndiyo imeandika mzazi. Nani aliandika fomu hii?"

Mkuu alitazama chini. "Sisi," alisema. "Tuliinakili kutoka kwenye ile ya zamani."

"Kesho nani anamleta mkunga?" karani akauliza.

"Mimi," akasema mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, kama kijana aliyeitwa na baba yake.

Mkunga alikuja akiwa amevaa viatu vya kanisani. Alikaa dirisha la tatu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alitaka kuwataja na watoto wengine wote aliowapokea upande ule, na karani aliyaandika majina yao pembeni. Kamati ile ya ushauri ilitoa ripoti nene yenye mishale mingi. Ushauri uliotekelezwa mpaka leo ni mmoja: fomu inauliza ni nani alikuwepo. Koti, nimesikia, lilipigwa marufuku.

Cheti kilitoka siku tatu kabla ya usajili kufungwa. Nilikipeleka nyumbani kwenye bahasha, mdogo wangu akanawa mikono kwanza ndipo akakishika. Alikisoma mstari kwa mstari mpaka alipofika kwenye jina la mtoa taarifa, akakuta ni langu.

"Kumbe ni wewe uliyewaambia nimezaliwa."

"Ni mimi."

"Na walikuamini?"

"Walichelewa, lakini waliniamini."

Akaketi karibu yangu kwenye kochi, cheti mapajani. Miaka yote alikuwa ameniuliza juu ya kifo cha mama, na mimi nilikuwa nimemjibu. Siku hiyo aliuliza jingine.

"Basi niambie. Ilikuwaje?"

"Kwanza," nikasema, "ulikuwa na sura ya kambare."

Akanipiga bega. Nikamwambia yote, tangu mbio za kwenda kwa mkunga mpaka mama alivyocheka alipomwona anapiga chafya. Asubuhi alienda shule na bahasha ile kifuani, akitembea katikati ya njia, na mwendesha boda aliyempigia honi alipewa jicho ambalo mama angelitambua.